Karanga za Nyumbani

Tone la mwisho lilipodondoka kwenye kijiti cha kupimia, Lukresia aliacha kupepeta. Ungo ulibaki mapajani, nao wanawake wenzake wakasogeza vichwa.

Bwana shamba Masunga alikuwa amepanga vifaa vyake juu ya stuli, uani kwa Lukresia huko Ngulyati, kwa kuwa hapo ndipo kikundi chao kilipokusanyia karanga. Mnunuzi wa Bariadi mjini hakutaka kupakia gunia lisilopimwa. Zamani, Masunga alieleza, sampuli ilipelekwa mbali, na majibu yalirudi karanga zimekwisha kuliwa. Siku hizi unasaga kiganja kimoja, unatia spiriti, unachuja, unadondosha, na sumukuvu, ile sumu ya ukungu, inajulikana kabla chai haijapoa. Ndani ya kijiti wamo askari wa aina ile ile iliyo katika damu, wanaoitambua sumu hiyo moja tu.

Mistari miwili myekundu ikajitokeza. Pale zahanati, kijiti kikionyesha mistari miwili, una malaria.

"Basi karanga zina homa," alisema Esteria, jirani wa Lukresia. "Zipewe dawa mseto."

Wakacheka. Masunga naye akacheka, kisha akafafanua kwamba hiki husomwa kinyume. Miwili ni salama. Sumu ikiwapo huwashika wale askari njiani, wasifike kwenye mstari wao, na mstari mmoja hauonekani.

Magunia yakashonwa midomo, wanawake wakatawanyika. Masunga alikuwa akifuta kinu chake kidogo Lukresia alipotoka ndani na bakuli la bati.

"Na hizi, baba."

Zilikuwa zimesinyaa, nyingine zina vumbi la kijani kwenye mikunjo. Masunga akauliza kama ni za kutupa. Lukresia alimtazama bila kuelewa swali. Nani hutupa karanga? Nzima ni za sokoni, hizi ni za nyumbani. Ndivyo mama mkwe wake alivyomfundisha mwaka alioolewa, naye Lukresia hakuwahi kukosea. Miaka yote alizitwanga, akaungia nsansa, yale majani makavu ya kunde, na uchungu wa majani ukafunika uchungu wa karanga. Yeye mwenyewe alionja tu. Bakuli kubwa lilikuwa la Bujiku, mumewe, kwa sababu ndiye mwenye mji.

Bujiku alizikwa mvua za kwanza zilipoanza. Tumbo lilikuwa limejaa maji, macho yamegeuka manjano. Hospitali walisema ini. Msibani, shemeji yake Mayige alisema ini la mtu haliozi lenyewe, kuna mkono wa mtu. Lukresia alimsikia, akaendelea kusugua sufuria. Hakulia siku ile, wala baadaye. Alipalilia, akavuna, akapepeta.

"Hizi hamziuzi, mama," Masunga alisema. "Sina sababu ya kuzipima."

"Mimi ninayo."

Masunga akasaga, akachuja, akadondosha. Wakakaa. Ng'ombe wa jirani walipita kwenda lamboni wakiinua vumbi, na Lukresia akafunika bakuli kwa kitenge, kama afunikavyo chakula.

Ulitokea mstari mmoja. Pembeni yake palibaki peupe. Masunga akakipeleka kijiti kwenye mwanga, akakirudisha, akakisogeza mbele ya simu yake ili ikisome. Simu ikaandika namba. Aliisoma, akaigeuza simu kifudifudi juu ya stuli.

"Mtu akila hizi miaka yote?" Lukresia aliuliza.

"Kijiti kinasema habari za karanga, mama. Habari za mtu hakijui."

"Nimekuuliza wewe."

Masunga akatazama viatu vyake. "Huenda zikamharibu ini. Lakini yapo mengi yanayoharibu ini. Pombe..."

"Hakunywa."

Akafungasha vifaa kimoja kimoja. Aliagiza zifukiwe chini sana, wala mifugo wasipewe. Lukresia aliitikia kila agizo. Alimkaribisha ale kwanza, ugali hauchukui muda; Masunga akasema ana haraka, akawasha pikipiki.

Lukresia alichimba nyuma ya nyumba hadi jembe likagonga udongo mgumu. Akamimina, akafukia, akashindilia kwa unyayo. Esteria, akitoka kisimani na ndoo kichwani, alimwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu." Lukresia akaitikia salamu yote mpaka mwisho, habari za watoto na za mifugo, bila kuacha hata moja.

Esteria alipopita, kuku wakaja. Waliona udongo mpya, wakaanza kuparua. Aliwafukuza kwa mpini wa jembe. Wakakimbia hatua chache, wakageuka. Akawatupia bonge la udongo. Wakarudi. Mwishowe akaketi palepale juu ya udongo aliofukia, miguu ameinyoosha, jembe kalilaza pembeni. Jua lilikuwa bado juu. Kuku wakamzunguka, wakisubiri ainuke.