Mkwe Msumari

Tangu asubuhi kinyozi alikuwa kiguu na njia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alilisogeza kochi kubwa likaelekea mlango, akalirudisha likaelekea dirisha, akaona hapo jua litawapiga wageni machoni, akalisogeza tena. Mkewe, aliyekuwa akipanga vikombe kwenye sinia, alivumilia mara mbili. Mara ya tatu akashindwa kunyamaza.

"Mume wangu, hao wanaokuja ni wakwe, si wakaguzi."

"Nataka wakae vizuri."

"Watakaa. Wewe je, utakaa lini?" Kisha akamkodolea macho. "Halafu masharubu yako yamekwenda wapi?"

"Nimeyachoka."

"Leo? Baada ya miaka thelathini?"

Alirudi kwenye kochi lake. Ukweli ni kwamba alikuwa na hofu tangu Alhamisi, na hakuna mtu nyumbani aliyejua sababu. Saa kumi alasiri kijana mmoja angefika na wazazi wake kumposa binti yake wa pekee. Kijana mwenyewe hakuwa na kasoro: fundi wa lifti, mpole, mtu wa kuvua viatu kabla hajaambiwa. Alishakuja mara tatu, na mara zote tatu kinyozi alimpenda. Alhamisi ndipo alipomuuliza binti yake, kutafuta tu la kuzungumza na wageni, baba wa kijana alikuwa na kazi gani kabla hajastaafu.

"Alikuwa mwanamieleka," binti alisema huku akicheka. "Utafurahi, baba. Eti walikuwa wanamwita Msumari."

Kesho yake kinyozi alimkata mteja sikio, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi.

Mtu ambaye hakuwahi kukaa kwenye mabenchi ya ukumbi wa mieleka Jumamosi mchana hawezi kuelewa. Vijana wa siku hizi ukiwatajia mieleka ya zamani wanakukatiza: yalikuwa maigizo, mshindi alipangwa. Kinyozi aliwachukia watu wa namna hiyo kuliko wezi. Maigizo gani ya kumtoa mtu damu ya pua? Yeye aliwaona kwa macho yake. Alimwona Bwana Harusi akipanda ulingoni na suti nyeupe na ua kifuani, suti ikachanwa kila wiki, na kila wiki watu wakaulizana anashonewa na nani. Aliwaona Mapacha, mmoja mrefu mwembamba na mwingine mfupi mnene, wote wawili wakishikilia kwamba wamezaliwa siku moja. Alimwona Muuguzi, mwanamke pekee katika kundi lile, ambaye alimkung'uta mtu mpaka akalegea, kisha akamfunga bendeji kwa upole wa ajabu.

Lakini wote hao walikuwa wa kupasha benchi moto tu, watu wakimsubiri Karani. Karani aliingia na tai shingoni na faili kwapani. Alivua miwani taratibu, akaikunja, akaiweka ndani ya faili, na ukumbi mzima ukanyamaza, kwa sababu miwani ikishafungiwa ndani ya faili ilijulikana kuna mtu ataumia. Na mtu huyo mara nyingi alikuwa Msumari, bonge la mtu lisilosema neno, ambalo halikuwahi kumpa refa mkono. Siku zote alikuwa na kitu amekificha kwenye soksi, na refa peke yake ndiye ambaye hakukiona. Walipambana miaka sita. Karani alishinda, Msumari akamvizia mlangoni. Msumari alishinda, watu wakataka kuubomoa ukumbi. Kinyozi alipiga kelele mpaka Jumatatu akawa ananyoa wateja kwa ishara.

Jumamosi ya mwisho Msumari alichukua kiti cha chuma akampiga nacho Karani mgongoni. Mara moja tu. Karani alitolewa kwa machela, na hakuonekana tena ulingoni. Kinyozi alilia njia nzima, baba mzima mwenye mke na mtoto, wala hakuona haya.

Hayo aliyasimulia kwa yeyote aliyekaa kwenye kiti chake cha kunyolea. Ambalo hakuwahi kumsimulia mtu ni la wiki tatu baadaye.

Saluni ilikuwa imejaa. Mama mmoja alikuja na mtoto wa kiume wa miaka kama saba, akasubiri zamu yake, mtoto akapandishwa kwenye kiti. Kinyozi alikuwa ameshamaliza upande wa kushoto mtoto alipotoa mkono chini ya kitambaa na kunyoosha kidole ukutani. Kulikuwa na bango la pambano, Karani upande huu, Msumari upande ule.

"Yule ni baba yangu," mtoto alisema kwa fahari. Kisha akauliza, "Mbona hana macho?"

Hakuwa na macho kwa sababu kinyozi aliyatoboa kwa ncha ya mkasi. Saluni nzima ilimtazama atafanya nini. Alizima mashine, akamvua mtoto kitambaa.

"Umeme umekatika," alisema.

Redio ilikuwa ikiimba. Feni ilikuwa ikizunguka juu ya vichwa vyao. Yule mama aliitazama feni, akamtazama kinyozi usoni, akamshusha mtoto wake, wakatoka nje na nusu ya kichwa ikiwa na nywele. Wateja walicheka mpaka wakashika mbavu. Kwa wiki nzima kinyozi alikuwa shujaa wa mtaa, watu wanamnunulia soda. Na yeye akajiona ametenda haki, ameulipizia kisasi mgongo wa Karani.

Aibu ilimjia baadaye, siku binti yake alipotimiza miaka saba, umri wa mtoto yule, na kuuliza swali lake la kwanza gumu. Tangu siku hiyo haikuondoka. Alilitoa bango, lakini ukuta wa pale akauona mchafu kila alipoupaka rangi.

Sasa mtoto yule ndiye aliyekuwa anakuja kuposa, na mama yule angeingia kwa mlango huu. Akimtambua mbele ya watu, binti atajua baba yake ni mtu wa namna gani, na huenda posa ikafa hapo hapo juu ya sinia la vikombe. Ndiyo maana masharubu yaliondoka. Mtu akishikwa na hofu hana akili nyingi.

Walifika saa kumi kamili. Msumari alikuwa ameinama na amepungua, akitembea kwa kuhesabu hatua, kapu la matunda mkononi. Sauti yake, ambayo kinyozi hakuwahi kuisikia maishani, ilikuwa nyororo kama ya mwalimu wa chekechea. Mke wa Msumari aliwasalimia wote, akampa kinyozi mkono, akaketi. Uso wake haukuonyesha kitu. Kinyozi alishusha pumzi, kisha akaona afadhali angeonyesha.

Chai ikamiminwa. Habari za safari zikaulizwa na kujibiwa. Kinyozi alinyanyuka kufungua dirisha, akakaa, akanyanyuka kulifunga. Binti yake alimtazama kwa wasiwasi. Hatimaye kijana alijikohoza, akaweka kikombe chini.

"Wazazi wangu," alianza, "leo nimekuja kwenu..."

"Ngoja, mwanangu." Kinyozi alikuwa amesimama tena. "Usiseme bado. Ukishasema, nami nikakubali huku nimenyamaza, nitakuwa nimekuibia."

Mkewe aliweka birika chini. "Una nini wewe?"

Alisema. Hakuzunguka wala hakujipamba. Alitaja bango, macho, mkasi, mashine, na maneno aliyoyatamka. Alimtazama kijana tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kama angemtazama binti yake asingemaliza.

"Baba," binti aliuliza polepole, "umeme ulikuwepo?"

"Ulikuwepo."

Binti aligeuza uso. Hilo lilimuuma kinyozi kuliko tusi lolote ambalo angeweza kutukanwa.

Mama wa kijana ndiye aliyesema kwanza. "Mimi nilikujua mlangoni," alisema. "Masharubu yalikupendeza zaidi." Hakuna aliyecheka. "Nilijiambia, akinyamaza mpaka tuondoke, nitamwambia mwanangu tutafute nyumba nyingine."

"Mke wangu," Msumari alisema kwa sauti ya chini, "yaliyopita yaache."

"Siyaachi. Nimeyabeba miaka mingi mno." Alimgeukia kinyozi. "Unajua nani alimalizia kichwa cha mwanangu siku ile? Nilimfunika mtandio wangu, tukapita vichochoroni mpaka nyumbani. Karani alikuwa chumba cha nyuma, amelala kwa tumbo."

Kinyozi alidhani amesikia vibaya. "Karani yupi?"

"Karani wako. Mgongo wake ulikuwa umekwisha mwaka mzima kabla ya kile kiti. Alishindwa hata kufunga viatu, huyu mume wangu ndiye alikuwa anamfunga, tena kwa kujificha, maana kanuni yao ilikuwa mahasimu wasionekane pamoja hata dukani. Alimwomba ampige mbele ya watu. Alitaka atoke kama mtu aliyeumizwa, hakutaka atoke kama mtu aliyechoka. Hakuwa na ndugu, akaja kukaa kwetu. Miaka miwili, mpaka Mungu alipomchukua. Watoto wangu walimwita baba mdogo."

Kinyozi aliketi.

"Karani ndiye aliyemkalisha mtoto sakafuni karibu na kitanda, akamnyoa kwa wembe huku amelala," mama aliendelea. "Nikamwambia ni kinyozi gani. Akasema, namjua, yule wa benchi la pili mwenye masharubu, hajakosa Jumamosi hata moja. Akasema, laiti ningeweza kwenda kumwambia ukweli. Alikuwa analia. Hakulia kwa ajili ya mgongo hata siku moja, lakini siku hiyo alilia."

Benchi la pili. Kwa miaka yote kinyozi aliamini kwamba yeye ndiye aliyemwona Karani, wala hakuwaza kwamba Karani naye alimwona yeye. Alifunika uso kwa mikono miwili na mabega yakamtikisika, na mkewe, ambaye asubuhi yote alikuwa akimtania, alikuja akasimama nyuma yake.

Alipoweza kusema alimwambia kijana, "Nisamehe, mwanangu."

Kijana alifikiri. Alikuwa mtu wa kukagua kamba kabla hajapandisha watu, na sasa pia hakufanya haraka.

"Mimi nakumbuka wale watu walivyocheka," alisema. "Sijui kama nimekusamehe, mzee. Nikijua nitakuja kukwambia mwenyewe. Lakini nilichokuja kukiomba bado nakiomba."

"Mwulize mwenyewe," kinyozi alisema. "Mimi leo sina mdomo."

Binti aliurudisha uso wake. "Mimi nakubali," alimwambia kijana, na baba yake hakumtazama. "Baba nitazungumza naye baadaye. Kwa kirefu."

"Haya," kinyozi alisema. Alistahili kirefu chochote.

Ndipo Msumari alipokohoa. Wakati wote mkewe alipokuwa akizungumza alikuwa amekazia macho sakafu, kama mtu anayevuliwa nguo hadharani, na sasa mikono ilikuwa ikimtetemeka juu ya magoti.

"Msimsikilize mke wangu," alisema kwa ile sauti yake nyororo. "Anachanganya mambo. Karani sikuwahi kunywa naye hata maji. Mgongo wake ulikuwa mzima kabisa, wa chuma. Mimi ndiye niliyemvunja."

Chumba kizima kilimtazama mzee yule, ambaye kwa kile kiti watu walimtemea mate sokoni, ambaye mwanawe alirudi nyumbani nusu kanyolewa, naye alikuwa bado anamkinga rafiki yake, watu wasimwone amechoka. Alikuwa akimtazama kinyozi peke yake, na macho yake yalikuwa yanaomba.

Kinyozi aliwahi kubishana na nusu ya mji kuhusu nani muungwana na nani mshenzi katika ulingo ule. Alinyanyuka, akavuka chumba, akakaa kando ya adui yake kwenye kochi.

"Ulimpiga kinyama, mkwe," alisema. "Mtu mzima na nguvu zake. Nilikuwepo, niliona. Hilo mpaka nakufa sikusamehe."

"Usinisamehe," Msumari alisema, na mikono yake ikatulia.