Vidole Nyuma ya Mgongo

Husemwa kwamba mawifi hawapikiki chungu kimoja. Hawa wawili walipikika miaka sita mizima, tena uwanjani, mbele ya macho ya watu. Mkubwa aliitwa Mashine, kwa jinsi alivyokuwa akianzisha mpira bila kuchoka wala kutabasamu. Mdogo, aliyeolewa na kaka yake Mashine, aliitwa Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Siku hiyo walikuwa kwenye nusu fainali ya tenisi ya wanawake wawili wawili. Mashine alikuwa na miaka thelathini na saba, kumi na sita kati ya hiyo akizunguka na begi la raketi kutoka uwanja wa ndege mmoja hadi mwingine, na hakuwahi hata mara moja kufika fainali ya mashindano makubwa. Akishindwa leo, hakuna mwakani.

Mchezo huu una siri yake ndogo. Mmoja anapoanzisha mpira kutoka nyuma, mwenzake husimama mbele, karibu na wavu, akiwa amempa mgongo, na nyuma ya mgongo huo humpa ishara kwa vidole. Kimoja: nabaki hapa hapa. Viwili: navuka upande wa pili, nizibie pengo. Wa nyuma huitikia "sawa," ndipo mpira unapigwa.

Seti ya kwanza waliishinda. Ya pili ikaenda mrama. Chiriku alionyesha vidole viwili, akasikia "sawa," akavuka mbio, kumbe nyuma yake hakuna aliyehama, na mpira ukapita kwenye pengo pana kama mlango wa gereji. Mara ya kwanza alisema ni bahati mbaya. Mara ya tatu damu ilimchemka.

"Wifi, uko hapa au umeshaenda kulala?"

"Nimekuona. Cheza."

Alifikiria mabaya, tusimsafishe. Alifikiri Mashine amemchoka na sasa anamdharau hadharani. Wifi ni wifi tu. Na kwa hasira hiyo, Mashine alipokwenda kuanzisha tena, Chiriku akafanya jambo ambalo mchezaji hafanyi. Hakuweka mkono mgongoni kabisa. Alishika raketi kwa mikono yote miwili mbele ya kifua, akangoja.

"Sawa," ikaja sauti kutoka nyuma.

Hasira yote ikamtoka mara moja, akabaki na hofu.

Seti ile wakaipoteza. Zikabaki pointi za kuamua: atakayetangulia kufika kumi, kwa tofauti ya mbili, ndiye anayekwenda fainali. Kabla ya hapo wachezaji hupewa dakika mbili za kukaa. Chiriku hakugusa maji.

"Tangu lini?"

Mashine alijifunika uso kwa taulo, akajibu akiwa humo humo. "Mwezi wa tatu. Jicho la kushoto limekwisha, halioni kitu. Kwa la kulia naona mpira, kwa sababu ya ile njano yake. Vidole sivioni."

"Daktari anasemaje?"

"Nisipigwe. Hili la kulia likipigwa hata kidogo, basi tena."

"Na unasimama wavuni! Wifi, una wazimu?"

"Shusha sauti. Mume wako hajui, mama hajui. Mechi hii na ya fainali, halafu natundika raketi. Mbili tu, mdogo wangu. Nakuomba."

Miaka sita Mashine hakuwahi kumwomba chochote, hata chumvi. Chiriku akatikisa kichwa kukubali. Alikosea, naye alijua anakosea huku kichwa kikiwa bado kinatikisika.

"Basi ubaki nyuma. Hata nikianzisha mimi."

"Watajua."

"Na wajue!"

Chiriku alicheza kufa na kupona. Alikimbilia mipira ya kushoto kwake na ya kushoto kwa mwenzake, akaita "wako!" na "wangu!" mpaka sauti ikakauka, na Mashine huko nyuma akawa anapiga kwa masikio na mazoea ya miaka yote ile. Wakafika tisa kwa saba. Pointi moja tu. Ilikuwa zamu ya Chiriku kuanzisha, na Mashine, kwa kiburi au kwa furaha, Mungu ndiye ajuaye, akatembea mpaka wavuni.

Chiriku alimwita. Uwanja mzima ulikuwa unashangilia, hakusikika, na saa ya sekunde za kuanzisha inahesabu. Akaanzisha.

Mpinzani akaurudisha kwa nguvu zake zote, moja kwa moja kwa mtu wa wavuni, kama wafanyavyo wote wala si kwa ubaya. Mashine hakuinua raketi. Hakupepesa hata kope. Mpira ukampata kwenye mfupa wa shavu la kulia, kidole kimoja chini ya jicho.

Alipiga magoti. Kisha akainuka, akacheka, akapiga makofi kumhimiza mwenzake. Pointi ikawa ya wapinzani: tisa kwa nane, bado moja tu.

Chiriku akaenda kwa mwamuzi.

"Naacha," akasema. "Bega langu."

Mwamuzi alimwuliza mara mbili. Tabibu akaja, akaliminya bega lisilo na kasoro yoyote, na Chiriku akalia kwa sauti. Machozi yale hayakuwa ya uongo. Tenisi ya wawili ni mchuma janga hula na wa kwao: akiacha mmoja, wameacha wote. Watazamaji wakawazomea mawifi hao mpaka walipotoka uwanjani.

Katika chumba cha kubadilishia nguo Mashine alikaa na mfuko wa barafu shavuni.

"Usiniite wifi tena," akasema.

Simu ya Chiriku ikalia. Alikuwa mama mkwe, aliyetazama mechi kwenye televisheni, na sauti yake ilijaa chumba kizima.

"Pointi moja! Na mkono mwingine unao! Mwanangu amehangaika miaka kumi na sita, wewe unamletea habari za bega? Ulimwonea wivu, sema!"

"Nisamehe, mama. Bega liligoma."

"Nilijua tangu siku ulipoingia nyumbani kwangu!"

"Ndiyo, mama."

Angesema "ndiyo, mama" mpaka uzee umkute. Alikuwa ameshaamua hilo alipokuwa anamwendea mwamuzi.

Mashine alikuwa anasikiliza. Akaweka barafu chini, akanyoosha mkono kuichukua simu. Mkono ukapita pembeni, ukashika hewa, ukarudi, ukaipata.

"Mama, mwache. Bega lake ni zima. Ni macho yangu, mama. Sioni."

Sauti ya mama sasa ilikuwa ndogo sana.

"Mke wa kaka yako yupo hapo?"

"Yupo."

"Mwambie akushike mkono, mrudi nyumbani."