Mke wa Kwenye Kadi

Mtalaka wangu alipiga hodi Jumamosi asubuhi. Nilimjua kwa kikohozi, maana sura za watu siku hizi nazibahatisha tu. Mtoto wa jicho ameniharibia jicho la kulia, na la kushoto nalo limeanza kufuata. Mimi ni mshonaji. Mshonaji asiyeona tundu la sindano atakula nini?

"Kiwandani wanahakiki wategemezi," alisema akiwa bado amesimama. "Kila mtu aende na mke wake Jumatatu, afisa utumishi amwone kwa macho."

Hapo nikamwelewa. Tangu tuachane, kadi ya bima ya kiwanda chake niliendelea kuitumia. Nilidhani wamesahau kunifuta, na mimi si mwehu wa kwenda kuwakumbusha. Upasuaji wa jicho ulikuwa umepangwa wiki iliyofuata, na kadi hiyo ndiyo ingelipia.

"Tutakwenda," nikamwambia. "Ila wewe nyamaza, nitaongea mimi."

"Sawa, mzazi mwenzangu."

Kunyamaza alikuwa hahitaji kufundishwa. Kiwandani wanamwita Bubu, na ububu huo ndio uliotuachanisha, si mwanamke mwingine wala ulevi. Unamsemesha mtu kutwa nzima kama unasemesha ukuta, mwisho unachoka, unafunga virago.

Jumatatu tukaenda. Ofisi ilikuwa ghorofani, feni inazunguka kwa shida, majalada yamepangwa mpaka dirishani. Afisa alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Nilikuwa nimeshatunga kila kitu: nani anaamka kwanza, nani anakoroma, hata ugomvi wa juzi niliuandaa, maana ndoa isiyo na ugomvi nani ataiamini?

Akaniruka, akamgeukia mwenzangu. "Baba, mnaishi nyumba moja na mama?"

Nikafungua mdomo. Bubu akaniwahi.

"Hapana. Tuliachana."

Nilitamani kumrukia palepale. Jicho langu ndilo hilo limekwenda!

Afisa akaweka kalamu chini. "Lakini baba, kila mwaka nakuuliza kama kuna mabadiliko nyumbani, na kila mwaka unaniambia hakuna."

Kumbe hawakusahau. Nilimtazama yule mwanamume, ingawa nilichokiona ni ukungu wenye shati. Nikajua ndiyo basi tena, hataongeza neno.

"Ningesema ameondoka, ningekuwa nimekubali," akasema. "Na mimi sijakubali mpaka leo. Ila uongo ulikuwa wangu. Sikutaka aubebe yeye."

Afisa akanifuta. Alifanya kwa adabu, akaniomba radhi, na kuanzia dakika ile nikawa si mtegemezi wa mtu.

Tulitoka mpaka kwenye korido. Nilikuwa na hasira, nilikuwa na furaha, na sikujua nianze na ipi. Miaka yote ya ndoa niliyasubiri maneno yale mezani, kitandani, jikoni. Yeye amekwenda kuyatoa mbele ya afisa utumishi!

"Pikipiki yangu nitaiuza," akasema. "Jicho litatibiwa."

"Kwanza nishike mkono. Ngazi sizioni."

Akanishika. Akawa ananiambia pa kukanyaga, hatua baada ya hatua, mpaka chini.