Zamu ya Kitanda cha Tisa

Saa nane mchana wodi ya watoto ilikuwa na joto la chungu kilichofunikwa. Jovia aliketi sakafuni karibu na kitanda cha tisa, akimkanda binti yake Namutebi kifua kwa kitambaa chenye maji. Upande wa pili alisimama Nyakim, msichana aliyefariki kwenye kitanda hicho hicho Jumanne, akimpepea mgonjwa kwa kipande cha boksi. Kila kitanda kilikuwa na mtu wake wa namna hiyo: aliyefia hapo mwisho hubaki akipepea mpaka mwingine afe ampokee. Sista Valary alipita na dawa, akiwaomba wasogee kidogo.

Hospitali ilikuwa mpya, ya kijani: nyasi juu ya paa, umeme wa jua, madirisha yasiyo na mkono wa kufungulia, kwa kuwa mashine huyafungua yenyewe hewa ikiwa nzito. Chombo cha kupima hewa kilitakiwa kukaa wodini. Waliogopa kitaibiwa, wakakiweka ofisini kwa mudir, mkuu wa hospitali, nyuma ya mlango wenye kufuli. Humo mna kiyoyozi. Madirisha ya wodi hayajawahi kufunguka.

Jovia alienda kubisha hodi.

"Mudir, mtoto yangu iko nashindwa kupumua. Fungua dirisha hata moja tu."

Mudir alitazama kile chombo ukutani. "Mama, angalia mwenyewe. Taa ni ya kijani. Hewa ni nzuri."

"Ni nzuri huku kwako."

"Jengo ni moja, mama."

Namutebi alifariki Ijumaa, kabla ya uji wa saa nne. Nyakim alimwachia boksi, akajifuta jasho, akatoka kwa mlango mkubwa.

Walimzika Jumamosi. Jumatatu Jovia alifunika maharagwe yake ya kuuza pale sokoni Konyo Konyo, akaja saa ya kuona wagonjwa. Namutebi alikuwa amesimama juu ya stuli, akimpepea mtoto mchanga wa mama mmoja aitwaye Teresina.

"Huyu ni wako?" Teresina aliuliza. "Anapepea vizuri. Shukran."

"Ni wangu."

"Na wangu, atapona?"

Jovia alijua zamu ya Namutebi itaisha vipi. Alimtazama yule mchanga, mbavu zikipanda, zikishuka.

"Atapona," alisema.

"Mama, mkono unauma," alisema Namutebi.

"Badilisha mkono, mama yangu."

Namutebi akabadilisha.