Kura ya Mukwe wa Mama Evodie

Wewe unayenisikiliza, uliisha kukaa inje ya mlango wa chumba ulichofagia kwa mikono yako, ungoje wengine waamue jambo lako? Basi Mama Evodie, rais wa chama cha wamama wanaopikia wagonjwa wasio na ndugu hapa Kalemie, alikaa hivyo Jumamosi moja, juu ya kigoda, kitenge cha njano kimefunika magoti, mgongo ameupa mlango.

Sheria ilikuwa yake mwenyewe. Zamani mwenzao mmoja aliingiza wadogo zake wote, mmoja nyuma ya mwingine, na kabla mvua hazijakatika supu ya wagonjwa ilikuwa inaishia kwa shemeji zake. Tangu pale Mama Evodie alisema: anayeleta muntu mpya atoke, akae inje, asiseme neno, asipige kura. Leo aliyeletwa, aliyekuwa mule ndani na wale wamama, ni Précieuse, mukwe wake, bibi ya mwanawe Landry.

Landry yuko Manono, kwenye machimbo. Nyumbani walibaki wanawake wawili na redio. Précieuse ni mpole, anapanga ndakala, wale samaki wadogo wa kukausha, juu ya chanja vichwa upande mmoja, mikia upande mwingine, unaona raha kuangalia. Lakini kuongea? "Ndiyo mama," "hapana mama," imeisha. Mama Evodie alitamani wamupokee mpaka usingizi ulikuwa unamkimbia.

Mlango ukafunguka. Mama Thérèse, makamu wake, akatokea akicheka.

"Rais, ingia! Wote wamenyosha mikono."

"Mumemuuliza nini?"

"Tumuulize nini tena? Mukwe wako! Nilitaja jina tu, mikono ikapanda kama ya watoto walioona mikate."

Furaha ilimpanda Mama Evodie mpaka kooni. Alikuwa na kazi ya kusimama tu na kuingia. Hakusimama.

"Thérèse, hiyo kura mumenipigia mimi, na mimi niliisha kuingia zamani. Rudini. Mumuulize kama munavyouliza wengine, halafu mupitishe chungu."

Chungu ndiyo kura yao ya siri: punje ya muhindi ni ndiyo, haragi ni hapana, na kila mmoja anaingiza mkono akiwa amekunja ngumi.

"Na maharagi ikishinda?"

"Tutaipika."

Mama Thérèse akarudi ndani, mlango akausahau wazi kidogo. Mama Evodie akasikia sauti yake: "Précieuse, wewe mwenyewe unatafuta nini kwetu?"

Sauti ndogo ikajibu: "Mama alisema nikuje."

Chungu kilipotoka, Mama Thérèse hakuwa anacheka tena. "Maharagi, rais. Utusamehe. Siku atakuja kuomba mwenyewe, tutamusikiliza."

"Musiniombe samahani. Mumefanya kazi yenu," akajibu Mama Evodie, lakini moyo ulimshuka. Akachukua kigoda chake, akamuita Précieuse, wakashika njia ya nyumbani kando ya ziwa.

Mbele kidogo akamuuliza, "Umesikia aibu, mutoto wangu?"

"Hapana, mama. Nimepumua." Na Précieuse akacheka, meno yote inje. "Ile harufu ya dawa ya hospitali inanitapisha. Ningewamwagia supu."

"Na mbona haukusema?"

"Haukuniuliza. Uliniambia tu: vaa kitenge kizuri, twende."

Mama Evodie alicheka mpaka akaweka kigoda chini, akakikalia pale pale njiani, watu wa baiskeli wakimzunguka. Précieuse akachuchumaa mbele yake, akamfuta machozi na ncha ya kitenge.

"Lakini mama, wale wamama wote unao. Mimi ulinitakia nini mule?"

Mama Evodie akaangalia maji, akatengeneza kilemba ambacho hakikuwa kimeharibika.

"Nilitaka muntu wa kutembea naye," akasema. "Tuwe tunaongea njiani. Mimi na wewe."