Mlango Usiobamizwa

Katika nyumba ya fundi umeme mlango haukubamizwa. Ilikuwa amri. Sebuleni, mahali ambapo watu wenye akili zao huweka televisheni, palikuwa na kabati la kioo lililojaa fuwele za kijani za madini ya shaba, nyingine adimu kuliko maziwa ya kuku. Ile aliyoipenda fundi zaidi ilitosha juu ya ukucha wa kidole gumba, nayo ilisimama kwenye jiwe jeupe kwa kishina chembamba. Mtikisiko tu, inakatika.

Basi watu walinyata. Wajukuu wakija, walichezea uani. Mkewe, mwanamke mwenye hasira za karibu, alijifunza kukasirika kimyakimya, jambo lisilo na afya kwa mtu yeyote.

Siku moja alimwambia mumewe kwamba mjukuu wao wa mwisho ameanza kutembea, na anataka kumleta akae nao.

"Vizuri," fundi akasema, akipangusa fuwele kwa brashi. "Atembelee uani."

Mkewe akafunga virago, akaondoka. Fundi hakusikia kitu. Njaa ilipombana ndipo akaita, akaita tena, akaenda chumbani akakuta nguo zake hazipo. Mama wa watu alikuwa amepita nyuma ya mgongo wake na sanduku, kisha akafunga mlango taratibu, kama alivyofundishwa. Hilo ndilo lililomchoma fundi.

Akamfuata kwa dada yake.

"Shemeji, naomba niongee na mke wangu."

"Ongea mpaka uchoke. Hapa hata ukipiga kelele hakivunjiki kitu."

Mkewe alikuwa anakunja nguo, na hakuinua macho. "Wewe umekusanya mawe," alisema, "na mimi nimekusanya hasira. Kabati langu limejaa."

"Basi twende ukabamize mlango."

"Usinitanie, baba."

"Sitanii."

Wakarudi. Fundi angeweza kuitoa ile fuwele kabatini kwanza, lakini hakuitoa. Alikaa kitini, mikono magotini, kama mtu anayesubiri sindano. Mkewe akaushika mlango, akaubamiza mpaka chokaa ikapukutika ukutani. Ndani ya kabati kitu kikalia ti!

Hakuna aliyekwenda kutazama.

"Umesikia?" mkewe akauliza.

Machozi yalikuwa yanamlengalenga fundi, na hakuyaficha.

"Nimesikia, mke wangu. Kesho mlete mtoto."