Mkasi Hakuwa Mkimya

Karatasi kutoka kambini ilisema kaka yangu alikuwa mkimya. Niliisoma mara mbili, nikidhani wametuletea ya marehemu mwingine. Kabla hajavaa magwanda alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Mkasi, si kwa kazi yake bali kwa mdomo wake. Alikata kitambaa huku akisema, akashona huku akisema, na hata akiwa amebana pini midomoni alisema vilevile, kwa pembeni. Vita vilimtoa kwenye cherehani mwezi wa tatu, vikamrudisha ndani ya jeneza mwezi wa tisa.

Mimi ndiye niliyepangiwa kuisoma mazikoni. Asubuhi hiyo Mama alinivuta kando. Tangu habari ifike alikuwa hajalia wala hajala chochote cha maana. Jeneza lilikuja limefungwa, tukakatazwa kulifungua.

"Sijamwona mwanangu," akaniambia. "Basi angalau nimsikie."

Nikasimama mbele ya watu. Kapteni aliyetumwa na jeshi alikuwa mstari wa kwanza, Baba Mkubwa ubavuni pake, amenyooka kuliko askari wenyewe. Nikasoma: mkimya, mwenye nidhamu. Mama alikuwa anatazama chini kama mtu aliyekosea msiba.

Nikaikunja karatasi, nikawasimulia suti ya Baba.

Baba ana nyonga mbovu. Akisimama huegemea kushoto. Siku ya kumpima, Mkasi alikuwa katikati ya kisa kitamu, hakutaka kukikatiza ili amwambie anyooke. Akampima hivyohivyo alivyopinda. Suti ikatoka mguu mmoja mfupi. Baba akaijaribu, akajikaza akanyooka, akauliza hii ni nini. Mkasi akamkagua juu hadi chini, kisha akasema, "Suti haina kosa, mzee wangu. Wewe ndiye umesimama vibaya."

Watu wakageuka kumtazama Baba, maana hapo mazikoni alikuwa ameivaa. Naye, bila kuambiwa, akainuka, akaegemea kushoto. Suti ikamkaa kama imemwagwa juu yake.

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka mpaka kilio kikamtoka, kile kilichomkaba siku zote hizo, na Baba akamshika mabega mpaka kikaisha.

Tulipomaliza kuzika, Baba Mkubwa alinifuata nyuma ya turubai. Nimewaaibisha, akasema. Mtu wa serikali anakuja kumpa kijana heshima, mimi nageuza msiba kijiwe. Kapteni hata chai hakugusa.

"Nenda kamwombe radhi kabla gari lake halijaondoka."

Nilichungulia upande wa pili. Mama alikuwa ameketi na shangazi, sahani mapajani, anakula, na katikati ya tonge na tonge anasimulia namna Mkasi alivyojifunza kuongea kabla ya kutembea.

"Siombi radhi, Baba Mkubwa," nikasema. "Leo siombi, na kesho usiniulize."